Mashine Iliyomkataa Damaris

Ndugu zangu wa Suna, na nyinyi wa Kendu Bay mlioletewa habari hii ikiwa imeshatiwa chumvi na pilipili, nawaomba mnisikilize. Nilikuwepo. Niliyoyaona niliyasema, na niliyoyasema yalipita juu ya vichwa vya watu kama moshi wa jikoni. Nayaandika sasa kwa sababu naamini bado tunaweza kujirekebisha. Na nayaandika kwa hasira kidogo. Mtanisamehe.

Asubuhi nyumbani kwa mjomba wangu hapa Suna, Mzee Angwenyi, ilikuwa tamu. Nyuma ya nyumba kuna banda la mabati, na ndani ya banda kuna mashine ya kutengeneza chakula cha samaki. Inasaga omena, yaani dagaa wakavu wa kisiwa cha Remba, mashudu na pumba za mahindi, inachanganya na maji, kisha inausukuma unga ule utoke kwenye matundu madogo huku visu vikiukata kuwa tembe. Tembe hizo zilipelekwa Homa Bay kwa watu wanaofuga samaki katika vizimba ziwani. Mashine ikinguruma, boma lote lilitulia. Kuku walichakura, Mzee alikunywa uji wake akitikisa mguu kwa mdundo wa mota, na Damaris, mke wa binamu yangu Obare, aliimba akielekea kwenye mfereji na ndoo yake.

Akafungua mfereji. Maji yakaanza kulia ndani ya ndoo.

Mashine ikanyamaza.

"Imekufa tena!" Mzee akapiga kelele akiweka kikombe chini. Na mkewe, Bosibori, ambaye sisi tunamwita Mama Obare, hakuitazama mashine. Alimtazama Damaris.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia, na sisemi ugonjwa wa mashine.

Niwaeleze kwanza mambo ya mota, nitumie maneno machache. Nyuma ya mota inayozungusha vile visu kuna kifaa kidogo kama kopo la rangi ya viatu. Mafundi wanakiita enkoda. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya mota na kulipelekea kabati la umeme habari kwa waya mwembamba: sasa tunazunguka hivi, sasa hivi. Kabati likipata hesabu isiyoeleweka linasimamisha kila kitu, kama dereva aliyefunikwa macho ghafla. Tatizo ni kwamba mashine ikisimama ghafla, unga uliolowa unakauka ndani ya mdomo wake. Lazima ifunguliwe, ikwanguliwe kwa bisibisi, ifungwe tena. Ikisimama mara kadhaa, siku imeisha.

Mzee alimwita Fundi Nyangau. Nyangau ni mtu mwema na mcheshi, lakini dawa yake ni moja: toa, weka kingine. Alibadilisha beringi. Mashine ikasimama. Akabadilisha mota nzima. Mashine ikasimama. Akaagiza enkoda mpya kutoka Nairobi, akaifunga akipiga mluzi, akasema, "Sasa hii, Mzee, utaniita tu siku ya harusi ya mjukuu wako." Ijumaa ilipofika, mashine ikasimama mara tatu kabla jua halijashuka.

Ijumaa! Shikeni hapo. Mjomba na familia yake ni Wasabato, na kwa Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalio. Siku ya Sabato hakuna kupika, hakuna kufua, hakuna kuchota maji. Kila kitu kinafanywa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Na wakati huohuo bandani, watu wanakimbizana na jua wamalize mzigo wa wiki. Mashine ikifa siku hiyo, haifi peke yake. Inaua na amani ya Sabato.

Mama Obare alikuwa mkuu wa kikundi cha maombi cha akina mama. Alikuwa na moyo wa kusaidia watu, sitamnyima hilo. Lakini alikuwa na macho yanayoona jambo upande mmoja tu. Jioni moja alinikuta nikichambua omena, akakaa karibu nami.

"Moraa, wewe umesoma. Hebu hesabu mwenyewe. Kabla ya harusi ya Obare, hii mashine ilikuwa na shida?"

"Haikuwa nayo, Mama Obare, lakini..."

"Ngoja. Damaris akienda sokoni, inafanya kazi. Akirudi, inasimama. Ijumaa akishinda hapa, inakufa kabisa. Uongo?"

"Ni kweli."

"Ehe! Mimi sijasomea stima, lakini Mungu alinipa macho."

"Umeona vizuri," nikamwambia. "Lakini umeona nani. Hujaona nini."

Akacheka, akasimama, akajipangusa rinda. "Haya, injinia amesema. Nani, nini... Msichana ameletwa kutoka kwa watu wengine, dini nyingine, hata hajabatizwa kwetu, na sisi tunamtuma atuandalie Sabato. Unafikiri Mungu hasemi?"

Damaris alikuwa mtoto wa Kendu Bay, Mjaluo, Mkatoliki. Alikuwa anajifunza nyimbo za Kisabato kwa bidii, akizichanganya na zake mpaka mtu unashindwa kujua Bwana anasifiwa kwa kitabu gani. Hilo lilinifurahisha. Halikumfurahisha mama mkwe wake.

Na mimi? Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya uhandisi wa umeme, nikitafuta kazi huku nimehifadhiwa na mjomba. Mtu angefikiri mashine ikiugua na ndani ya boma kuna aliyesomea ugonjwa wake, ataitwa. Thubutu! Kila nilipolikaribia lile kabati Mzee alikohoa.

"Moraa, mwanangu, hiyo ni mashine ya chakula cha watu. Si ya mazoezi."

"Mjomba, niache nitazame tu nyaya."

"Nyaya ni mpya. Nyangau ameweka kila kitu kipya."

"Hajaweka waya mpya wa enkoda."

"Waya unakula nini mpaka uharibike?" Akacheka yeye, akacheka Nyangau, na mazungumzo yakaishia hapo.

Obare, mume mwenyewe, ndiye aliyekuwa akipeleka mzigo Homa Bay kwa pikapu, kwa hiyo siku nyingi hakuwepo. Alikuwepo jioni, na alisikia. Nilimwambia, "Obare, sema neno." Akaniambia, "Yatapita. Mama akichoka atanyamaza." Ndugu msomaji, umewahi kumwona mtu wa maneno kama hayo akichoka? Mimi bado namngoja wa kwanza.

Basi maneno yalitoka jikoni yakaenda kwenye kikundi cha maombi, na kutoka huko yakaenda sokoni. Wanawake waliokuwa wakimsalimia Damaris kwa mkono wakaanza kumsalimia kwa kichwa. Mteja mmoja mwenye vifaranga vya samaki aliuliza, kama mzaha, kama ni salama kununua chakula kilichopita karibu na "yule mkwe wenu". Mzaha! Damaris alikuwa amesimama pale pale na ndoo mkononi.

Kisha ikaja Ijumaa ya mzigo mkubwa. Wafugaji wa Homa Bay walikuwa wameongeza vizimba, na samaki wadogo hawajui kusubiri. Mashine ilisimama, ikakwanguliwa, ikawashwa. Ikasimama. Mara ya mwisho jua lilikuwa juu ya mapaa, na Mzee aliketi juu ya gunia, mikono imejaa unga uliokauka, akatazama chini. Ni mtu mzima aliyechoka. Mkewe akamwinamia, akamnong'oneza. Mzee alipoinua kichwa alisema neno ambalo sikutegemea kulisikia kwake.

"Damaris, mwanangu, nenda kwa mama yako ukapumzike kidogo."

Kwetu sote tunajua maana ya kupumzika kwa namna hiyo. Binti anayepumzishwa bila mimba, bila ugonjwa, bila sherehe, anarudishwa.

Damaris hakubishana. Alifunika mapipa ya maji aliyoyajaza, akaosha mikono, akafunga nguo zake. Nilimsindikiza hadi barabarani. Njiani akaniuliza, "Moraa, niambie kweli. Mimi nilifanya nini?"

"Hakuna," nikasema. "Ulichota maji tu."

Mniwie radhi, sote wawili tulilipita jibu hilo kama mtu anayepita mlango wa nyumba anayoitafuta.

Sasa sikilizeni jambo la kutia hasira. Damaris alipoondoka, mashine ilipona.

Ilinguruma Jumapili, Jumatatu, wiki nzima. Ijumaa ikafika, tukamaliza mzigo jua lingali na nguvu, na Mzee akatikisa mguu wake tena. Mama Obare hakujigamba. Ingekuwa afadhali ajigambe. Alitazama angani tu na kusema, "Asante Bwana," kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nyangau alipita kusalimia, naye akakuna kichwa: "Madam Injinia, hii kazi sasa ni ya nani? Hii si ya bisibisi."

Nilizunguka banda lile nikiwa kama mwehu. Nilijua kuna kitu. Mashine haina kabila wala dini. Haijui mke wa nani ni nani. Lakini kila nilipofungua kinywa niliambiwa, "Si unaona imepona?" Kweli, nilikuwa naona. Hilo ndilo lililonikera.

Wazee wa ukoo wakaketi. Ikaamuliwa kwamba Jumapili ya pili watakwenda Kendu Bay kuyamaliza rasmi, ndoa ivunjwe kwa heshima, kila upande uchukue kilicho chake. Obare aliketi kwenye mkutano huo akitazama viatu vyake. Siku zilibaki chache, na baada ya hapo mke wake angekuwa mwanamke aliyefukuzwa na mashine.

Nawaomba mkumbuke jambo moja dogo kuhusu boma lile. Kabla ya harusi, Obare alikuwa amemwekea mkewe pampu kwenye kisima, ili asivute maji kwa kamba kama mama yake alivyovuta miaka yote. Ilikuwa zawadi ya mapenzi. Pampu ile hujiwasha yenyewe mfereji ukifunguliwa na kujizima ukifungwa. Na tangu Damaris aingie, hakuna mtu mwingine aliyeugusa mfereji huo. Mama Obare alikuwa amestaafu maji siku mkaza mwana alipovuka mlango, kama desturi ilivyo. Wanaume wa boma lile, je? Mwanaume achote maji, watu waone? Hata Damaris alipoondoka, Mama Obare hakuugusa. Alisema hayataki maji ya pampu ile, akawa ananunua kwa mtu wa mkokoteni, ya jikoni na ya bandani. Na mimi mwenyewe niliogea maji hayohayo ya mkokoteni.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo, mchana, mtu wa mkokoteni hakuja. Obare akarudi kutoka Homa Bay akiwa na matope hadi kiwikoni. Gurudumu lilikuwa limezama njiani. Alitafuta maji kwenye pipa, akakuta limekauka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mwizi. Kisha akaenda kwenye mfereji akaufungua.

Mashine ikanyamaza.

Nilitoka mbio. "Obare! Usifunge!"

Akaruka. "Ni nini? Nanawa tu! Kwani ni dhambi?"

"Funga."

Akafunga. Nikamwambia mfanyakazi wa bandani aiwashe mashine kabla unga haujakauka. Ikanguruma.

"Fungua."

Akafungua. Pampu ikakoroma kisimani, mashine ikafa papo hapo. Maji yalikuwa yakimwagika miguuni mwa Obare naye hakuyasikia. Aliutazama mkono wake ulioshika mfereji, kisha akanitazama mimi, na nikaona jambo likimwingia polepole mpaka uso ukabadilika.

Mzee akatoka bandani amekunja uso. "Nani anachezea mashine yangu?"

"Mjomba," nikasema, "Damaris yuko wapi?"

"Kwani hujui? Kendu Bay."

"Basi aliyeisimamisha ni nani?"

Mzee akajifuta unga mikononi. Mama Obare alikuwa amefika mlangoni. Akamtazama mwanawe aliyelowa, akautazama mfereji, akashika kifua.

"Ameacha kitu ndani ya mfereji," akasema.

Ndugu zangu, nilikaa chini. Nilikaa kwenye matope yale yale nikiwa na sketi yangu ya kuendea mahojiano ya kazi. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mtu anatolewa kwenye lawama kwa ushahidi wa mchana kweupe, na lawama, badala ya kufa, inahamia kwenye bomba! Inatafuta mahali pa kukaa kama kunguni.

Aliyeniokoa ni Obare. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliinua sauti mbele ya mama yake. "Mama, basi. Moraa aangalie. Na asipoona kitu, mimi ndiye mwenye mkosi, kwa sababu ni mkono wangu."

Mzee akakohoa. Kisha akasema, "Nyangau aitwe. Waangalie pamoja."

Nyangau alikuja amebeba sanduku lake la vifaa. Nikamwambia leo hatubadilishi kitu chochote, leo tunauliza maswali. "Maswali kwa mota?" akauliza. "Ndiyo. Na tutaingoja ijibu."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba pampu ikiwaka inanyonya stima na mashine inakosa nguvu. Tulipima. Stima ilitikisika kidogo ikatulia. Haikutosha kuangusha chochote. Nilikuwa nimekosea, tukaendelea. Ndipo nikamwomba Nyangau aushike mhimili wa mota kwa mkono, mota ikiwa imezimwa, mimi nikitazama namba za enkoda kwenye kioo cha kabati.

"Inazunguka?"

"Itazungukaje na nimeishika?"

"Obare, fungua mfereji!"

Pampu ikakoroma. Namba kwenye kioo zikaruka kama panzi, zikapanda, zikashuka.

"Nyangau, mota inazunguka?"

"Nakwambia nimeishika, bana! Haijasogea hata unywele!"

"Na kabati linasema inakimbia. Njoo uone."

Alikuja, akaona, na mluzi ukamkatikia mdomoni. Kabati lilikuwa likihesabu mizunguko ambayo haikuwepo.

Tukaufuata waya wa enkoda kutoka kwenye mota. Uliingia kwenye paipu iliyofukiwa chini ya sakafu. Tulipofungua upande wa pili tukakuta kwamba ndani ya paipu ileile ulipita waya mnene wa pampu, nyaya hizo mbili zimelala pamoja kama ndugu. Tena waya wa enkoda ulikuwa umeungwa katikati kwa waya wa kawaida, na lile koti la nyuzi za shaba linalopaswa kuukinga limekatwa, halikuunganishwa popote.

Niliwaeleza hivi: waya wa enkoda unanong'ona, waya wa pampu unapiga kelele. Ukimlaza anayenong'ona pamoja na anayepiga kelele, tena umemvua koti, wa kabatini atasikia nini? Atasikia makelele, atadhani ni habari, ataogopa.

Nyangau aliugusa ule waya mnene. Halafu akasema, "Mzee, huu waya wa pampu niliupitisha mimi. Wiki ile ya harusi. Nilitaka kupasua sakafu niuwekee paipu yake..."

"Nikakataa," Mzee akamalizia. Aliliona jambo lote kwa mara moja, maskini. "Simiti ilikuwa mpya. Wageni walikuwa wanakuja."

Kwa hiyo ilikuwa kweli kwamba shida ilianza na harusi. Ilikuwa kweli kwamba mashine ilisimama Damaris akiwepo, na kwamba ilizidi Ijumaa, alipokuwa akifungua na kufunga mfereji ule mchana kutwa ili wengine wapumzike Sabato. Kila alichokiona Mama Obare kilikuwa kweli. Alichokihukumu ndicho kilikuwa uongo.

Nyangau alishika koleo akitaka kuuvuta waya ule pale pale. Nikamzuia. "Bado. Sitaki kitu kirekebishwe kabla Mama Obare hajafungua mfereji."

"Mimi?" akasema. "Mimi naingiaje?"

"Mama, nakuomba."

Nilidhani atakataa. Alitembea hadi kwenye mfereji akiinua rinda lake lisiguse matope, huku mashine ikinguruma. Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani, akafungua.

Kimya.

Akaufunga haraka kama aliyeungua. Ikawashwa. Akafungua tena, safari hii taratibu, kana kwamba anataka kuidanganya. Kimya tena. Alisimama pale maji yakipita juu ya viatu vyake vya kanisani, sisi tukimngoja. Hata kuku, nadhani, walimngoja.

"Hata mimi," akasema. Basi.

Tuliweka waya mpya wa enkoda wenye koti lake kamili, hauna kiungo, tukalifunga koti lile kabatini inavyopaswa, tukaupitisha ukutani kwenye paipu yake mbali na ule wa pampu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Tukafungua mfereji, tukafunga, tukafungua. Mashine haikushtuka.

Jumapili wazee hawakwenda Kendu Bay kuvunja ndoa. Tulikwenda sisi: Mzee, Mama Obare, Obare na mimi. Mama yake Damaris, Rispa, anauza omena pale, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alitupokea, akatupa viti, akatuletea ugali na samaki. Alipokwisha kutunawisha akasema, "Kuleni. Kwetu mgeni halaumiwi kabla ya kula." Tulikula tukitazama sahani zetu.

Mzee akaeleza. Akaeleza paipu, waya, simiti, kila kitu, tena vizuri kuliko mimi. Akamaliza kwa furaha: "Kwa hiyo mashine imepona kabisa! Mwanangu, rudi nyumbani."

Rispa akamgeukia binti yake. "*Nyathina*, mtoto wangu, umesikia? Mashine imekusamehe."

Damaris alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakulia. Alimtazama mama mkwe wake, kisha mumewe, na akauliza swali ambalo mpaka leo linanitoa usingizini.

"Na kama Moraa asingeona ule waya?"

Mzee akakohoa, Damaris akaendelea.

"Na kama Obare asingenawa mikono siku ile? Mngekuja leo, si ndiyo? Lakini kwa safari nyingine. Na mimi ningekuwa yuleyule, sijafanya kitu." Akasimama kuondoa vyombo. "Mimi sikatai ndoa. Lakini hamkunifukuza kwa waya. Mlinifukuza kwa midomo. Waya mmeubadilisha. Haya, na midomo?"

Obare akapiga magoti mbele yake akaanza kuomba msamaha. Damaris alimsikiliza mpaka mwisho, akamgusa bega, akasema, "Nendeni kwanza. Mfike salama." Tukarudi Suna tulivyokwenda, pikapu ina kiti kitupu.

Nilimkasirikia Mama Obare njia nzima, kwa hiyo ni haki niandike alichofanya. Hakutuma mtu. Hakuomba mchungaji amsemee. Kikundi cha maombi kilipokutana, alisimama mbele ya wanawake walewale aliowapa maneno yale na kusema, "Mimi Bosibori nilisema mke wa mwanangu ana mkosi. Nilisema uongo. Mashine ilisimama kwa mkono wangu mimi pia. Yeyote niliyemwambia, naye akamwambia mwingine, naomba aende akayarudishe." Kisha akapita sokoni, kibanda kwa kibanda, akirudia hayo hayo. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mama, umezeeka vibaya." Akavumilia, akaenda kibanda kilichofuata.

Maneno yana mbio. Yalifika Kendu Bay kabla hatujatuma mtu, na wiki hiyohiyo, siku ya maandalio, Damaris aliingia langoni na begi lake.

Alimkuta mama mkwe wake mferejini, ameinama, anajaza ndoo. Mzee Angwenyi alikuwa amebeba nyingine mbili kuelekea jikoni, akipepesuka, na mtu wa mkokoteni akimcheka waziwazi kutoka barabarani. Mashine ilikuwa ikinguruma. Damaris aliweka begi chini. Mama Obare akajitenga na mfereji akamwachia nafasi, hakusema kitu. Damaris akaufunga. Akangoja. Akaufungua.

Mashine ikaendelea.

Tulicheka, tulikumbatiana, Nyangau akapiga mluzi wake. Na nilidhani hadithi imeisha. Lakini juzi nilikuwa bandani, na mfanyakazi akaizima mashine kwa kawaida tu, abadilishe gunia. Damaris alikuwa nje mferejini akiosha mboga. Mlio ulipokatika nilimwona akiuachia mfereji ghafla na kurudi nyuma hatua moja, mikono yote miwili juu, wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hajagusa kitu.

Waya tuliubadilisha kwa asubuhi moja. Huu mwingine sijui unapita paipu gani.

MAFUNZO

Wapendwa wa Suna, wa Kendu Bay, na popote mnaposoma: kitu kikiharibika, tuulize nini kabla ya kuuliza nani. Aliyezoea kutafuta mtu atampata daima, maana mtu hakosekani.

Tena anayefanya kazi nyingi ndiye atakayekuwa jirani kitu chochote kinapovunjika. Mkaza mwana anachota maji, anapika, anafua, anafungua lango. Kila ajali ya nyumba itamkuta amesimama hapo, na sisi tulioketi tutaonekana safi kwa sababu tumeketi. Tukitaka kujua kama kosa ni lake, tunyanyuke, tushike ndoo sisi wenyewe, tufungue mfereji kwa mkono wetu. Mama Obare alijifunza hivyo, naye ni mtu mzima. Nawasihi tusingoje mpaka begi lifungwe.